Safari ya Kwanza kwa Gari la Kukodi: Kutoka Birmingham hadi Andalusi



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita, watoto walipokuwa wakitoka chuoni siku ya Jumapili, wazazi watatu walinizunguka mlangoni wakiwa na swali moja. Kila mmoja amenuia kuitoa familia yake nje ya Uingereza katika likizo ya Oktoba. Si kwenda nyumbani kwa harusi wala kwa msiba, bali kutembea tu: kukodi gari, kupita mashambani na milimani, kisha kurudi. Wote watatu hawajapata kufanya hivyo maishani mwao. Wakaniambia, "Wewe ulikwenda Hispania mwaka juzi. Tuandikie." Nami nikaahidi. Ahadi ni deni, na haya ndiyo malipo yake.

Hata hivyo naomba nisisomwe kama mjuzi. Ninayoyajua kuhusu safari hii aghlabu niliyajua kwa kukosea, na kosa moja lilinigharimu fedha na heshima mbele ya wanangu. Nitalieleza mahali pake.

JE, NI ISRAFU?

Nianze na swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni lakini hatulitamki. Kila mwezi tunapeleka fedha nyumbani. Huko kuna mzee anayehitaji dawa, mtoto wa ndugu anayehitaji ada, paa linalovuja. Je, yafaa mtu mwenye dhima kama hizo kwenda kutembea nchi ya watu?

Kwa miaka 11 nimeendesha teksi usiku katika mji huu. Natoka baada ya Isha, narudi Alfajiri. Watoto wanapokwenda skuli mimi nimelala. Wanaporudi, najitayarisha kutoka. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka 9 aliambiwa na mwalimu wake achore watu wa nyumbani kwao. Alimchora mama yake uso mzima, akawachora nduguze, na bibi yake wa Unguja ambaye alikuwa hajamwona ila katika picha. Mimi alinichora kisogo, nimekaa kwenye usukani. Mwalimu aliusifu mchoro ule. Mimi niliukunja nikautia mfukoni, na usiku ule niliuchukua kazini.

Nilipompigia simu mama kumweleza nia yetu, nilimzunguka kwa maneno mengi, nikiona haya. Alinikatiza. "Kwani baba yako hakuwa akituchukua Chwaka? Kila kiangazi siku tatu, sote nyuma ya lori, na dukani anadaiwa. Wewe hivi sasa wakumbuka lile deni, au waikumbuka Chwaka?"

Baada ya hapo mimi na mke wangu tuliweka masharti matatu. Kwanza, fedha ya mama isiguswe hata shilingi. Pili, safari isikopewe. Tatu, isiwe ya fahari, bali ya kukaa pamoja. Tukaingia mchezo wa upatu na jamaa wa Sparkhill, na zamu yetu ilipofika, miezi 14 baadaye, tukawa na nauli, gari na malazi ya siku saba. Anayeweza masharti kama hayo sidhani kama ameingia katika israfu. Asiyeweza, asijilaumu, mwishoni nitamwonyesha safari nyingine iliyo karibu.

KWA NINI ANDALUSI

Zipo nchi nyingi za kutembelea. Sisi tulichagua kusini mwa Hispania kwa sababu tatu. Ndege zipo kutoka hapa Birmingham moja kwa moja hadi Malaga. Masafa kati ya miji ni mafupi, hata mtoto mdogo huyastahimili. Na sababu ya tatu ni kwamba nchi ile ina historia inayotuhusu.

Tariq bin Ziyad alivuka bahari mwaka 711, na jabali alilofikia bado lina jina lake, Jabal Tariq, ambalo ndimi za Ulaya zimeligeuza Gibraltar. Kuanzia hapo hadi tarehe 2 Januari 1492, siku Abu Abdillah alipotoa funguo za Granada, kulikuwa na dola ya Waislamu katika ardhi ile. Wala watu wa pwani yetu si wageni kabisa wa habari hizo. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, ndiye yule yule aliyefika Granada karibu miaka 20 baadaye. Humo Granada alikutana na kijana mwandishi, Ibn Juzayy, ambaye baadaye aliziandika safari zake kwa kumsikiliza akisimulia. Basi habari za Kilwa tunazozisoma leo ziliandikwa kwa kalamu ya mtu wa Granada. Nilipowaambia wanangu jambo hili, yule mkubwa, ambaye hashituki kwa lolote, aliondoa macho kwenye simu yake.

HATI KABLA YA TIKETI

Msilipe hata peni moja kabla ya kuziweka hati zote mezani. Mwenye pasipoti ya Uingereza atazame tarehe mbili. Pasipoti iwe imetolewa chini ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na iwe na uhai wa miezi 3 au zaidi baada ya siku ya kutoka. Pasipoti za zamani ziliongezewa miezi juu ya ile miaka 10. Miezi hiyo ya ziada haihesabiki huko. Tena, tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya nchi hizo imeanza utaratibu mpya wa kuchukua picha na alama za vidole vya wageni. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, lakini hupigwa picha. Foleni huwa ndefu. Wekeni maji na biskuti karibu.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda au ya Kongo, hata kama anaishi hapa kwa halali miaka 20, anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11; walio chini ya hapo hawalipi. Miadi ya kupeleka maombi huwahi kujaa, kwa hiyo anzeni mapema. Na mwenye hati ya safari ya mkimbizi awaulize kwanza wakuu wa ubalozi mdogo wa Hispania, wala asitegemee maneno ya rafiki aliyepita miaka iliyopita.

Sasa jambo la majina, ambalo kwetu ni kubwa. Majina yetu ni ya mtu, baba na babu. Mke habadili jina lake. Na mtoto hubeba jina la baba. Askari wa mpakani aweza kumwona mama na watoto wenye majina mengine akauliza maswali. Chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama mzazi mmoja hasafiri, barua yake ya ridhaa. Na hakikisheni kwamba jina lililo kwenye pasipoti ndilo hilo hilo, herufi kwa herufi, katika tiketi ya ndege, katika leseni, katika kadi ya benki na katika mkataba wa gari.

Chukueni pia kadi ya matibabu ya GHIC, ambayo NHS huitoa bure. Anayewadai malipo kwa ajili yake anawala fedha yenu.

Na muheshimu kalenda ya skuli. Tangu Agosti 2024, kumtoa mtoto skuli bila ya ruhusa huweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, nayo huwa pauni 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Likizo ya Oktoba au ya Pasaka inatosha, na hali ya hewa huwa nzuri zaidi. Mwezi wa Julai na Agosti joto la Cordoba mara nyingi hupita nyuzi 40, na hilo si joto la kumtembeza mtoto.

GARI, DHAMANA, NA KOSA LANGU

Hapa ndipo nilipoaibika.

Mimi sina kadi ya mkopo. Nimeikwepa miaka yote kwa kuogopa riba. Mke wangu anayo moja, aliichukua zamani friji ilipoharibika, naye huilipa yote kabla ya siku yake. Gari nililikodi kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye dereva. Nikadhani kadi ya mke wangu itatosha. Leseni yake tuliiacha kabatini Sparkhill, kwani nani alifikiri kwamba ataendesha?

Tulifika kaunta saa 5 asubuhi. Kijana wa kaunta aliomba dhamana ya euro 1,100 izuiwe katika kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Nikampa kadi ya mke wangu. Akasema, jina si lako. Nikamwambia, ni mke wangu huyu hapa. Akasema, basi yeye awe dereva, na atoe leseni. Nikampa kadi yangu ya kawaida ya benki. Akaikataa. Nikamwonyesha kwamba nimekwisha kulipa. Akanionyesha masharti, ukurasa wa nne, maandishi madogo, na kweli yalikuwapo.

Hapo nilimgeukia mke wangu nikasema, kwa sauti iliyosikika na kaunta zote, kwamba yeye ndiye aliyeisahau leseni. Alinitazama wala hakujibu. Watoto walitazama chini. Mke wangu hakuwa amesahau kitu. Mimi ndiye niliyesoma bei nisisome mkataba.

Tulizunguka kaunta moja baada ya nyingine hadi saa 9 alasiri, tukapata kampuni iliyokubali kadi ya kawaida kwa sharti la kununua bima yao kamili. Bei yake ilikuwa sawa na malazi ya siku mbili. Kwa hiyo Ronda, mji ambao binti yangu alikuwa ameuchora katika daftari lake pamoja na daraja lake lote, tuliufuta. Usiku ule, watoto walipolala, nilimwomba mke wangu msamaha. Asubuhi nilimwomba tena mbele yao, kwa sababu kosa lilifanyika mbele yao.

Basi kabla ya kulipa, iulizeni kampuni maswali haya kwa maandishi, na jibu mlichapishe mlichukue:

1. Dhamana ni kiasi gani, na mnapokea kadi ya aina gani? Ni lazima iwe kwa jina la dereva mkuu?
2. Gari likikwaruzwa au kioo kikivunjika, mimi nitalipa kiasi gani kabla ya bima kuingia? Matairi na vioo vimo katika bima?
3. Mafuta: nachukua tangi limejaa na kulirudisha limejaa? Utaratibu huo ndio ulio salama zaidi.
4. Dereva wa pili analipiwa kiasi gani?
5. Kiti cha mtoto ni bei gani kwa siku? Hispania, mtoto asiyezidi sentimita 135 lazima awe na kiti chake na akae nyuma. Mashirika mengi ya ndege huchukua kiti cha mtoto mdogo bila ya malipo, ulizeni yenu.
6. Mnahitaji namba ya kukagulia leseni? Namba hiyo hutolewa bure na DVLA, nayo hudumu siku 21 tu.

Kuhusu kadi ya mkopo, wanavyuoni wana kauli zaidi ya moja. Wako wanaoiruhusu kwa anayelipa yote kabla ya riba kuingia, na wako wanaosema kwamba kulikubali sharti la riba katika mkataba, hata kama hutailipa, ndiko kunakokatazwa. Mimi si wa kutoa fatwa katika gazeti. Muulize sheikh unayemwamini, na umuulize mapema, si kwenye kaunta ya uwanja wa ndege huku watoto wamekalia masanduku. Ajuaye kwamba hatatumia kadi hiyo, na atafute tangu mwanzo kampuni inayopokea kadi ya kawaida, atie bei ya bima katika hesabu yake.

Mkabidhiwapo gari, lipigeni picha pande zote, paa, magurudumu na ndani, na kipimo cha mafuta. Fanyeni hivyo tena siku ya kurudisha.

BARABARANI

Sisi wa Zanzibar, Tanganyika, Kenya na Uganda tulizoea kushoto nyumbani, tukaja tukakuta kushoto hapa. Hispania ni kulia. Ndugu zetu wa Bujumbura, Uvira na Barawa watacheka, kwani wao walizaliwa na kulia. Kanuni iliyonisaidia ni hii: dereva daima hukaa upande ulio karibu na mstari wa katikati ya barabara. Ukijiona uko kando ya majani, umeingia upande usio wako. Katika mzunguko, ule tunaouita nyumbani kipilefti, huko huenda kulia, na unawapisha walio kushoto kwako ambao tayari wamo ndani. Hatari kubwa si ya barabara kuu. Ni asubuhi, unapotoka kituo cha mafuta peke yako na usingizi haujaisha. Mpeni mtoto mmoja kazi ya kusema "Kulia, baba!" kila mnapoondoka. Wetu alisema hata tulipokuwa tunatembea kwa miguu.

Mwendo ni kwa kilomita: 120 katika barabara kuu, 90 katika za kawaida, na mjini 50, au 30 penye njia moja kwa kila upande. Barabara ya AP-46 ya kutoka Malaga kwenda kaskazini ina ushuru. A-45 inafika huko huko bila ya malipo. Mitaa mingi ya kale ya Granada na Cordoba imefungwa kwa magari ya wageni na inalindwa na kamera. Faini hufuata mpaka Birmingham, na kampuni ya gari huongeza ada yake juu. Liacheni gari nje ya mji wa kale mwingie kwa basi au kwa miguu. Namba ya dharura ni 112.

NJIA TULIYOPITA

Kutoka Malaga hadi Granada ni kilomita zipatazo 130. Tiketi za Alhambra hununuliwa majuma mengi kabla, kwa jina na namba ya pasipoti, na majumba ya wafalme huingiwa kwa saa iliyoandikwa; ukichelewa umekosa. Mbele yake, ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa Albaicín, upo msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003. Tulisali humo Adhuhuri. Baada ya karne tano, adhana inasomwa tena katika kilima kile.

Kutoka Granada tulishuka kusini hadi Lanjarón na Órgiva, tukapanda milima ya Alpujarras hadi Pampaneira na Capileira. Njia ni ya kujipinda. Chukueni tangawizi na ndimu kwa wenye kutapika. Vijiji ni vyeupe, paa zake ni tambarare, na maji hupita katika mifereji iliyochimbwa tangu enzi za Waislamu. Mfereji huo wao huuita acequia, nalo ni neno la Kiarabu, as-saqiya.

Huko ndiko walikobakia wazao wa Waislamu baada ya Granada kuanguka. Waliahidiwa dini yao, kisha wakalazimishwa kuibadili. Mwaka 1567 mfalme Philip wa Pili alipiga marufuku lugha yao ya Kiarabu, mavazi yao na majina yao. Mwaka 1568 waliasi katika milima ile ile, na kufikia 1571 wakashindwa na kutawanywa. Kuanzia mwaka 1609 wazao wao walifukuzwa Hispania yote.

Binti yangu aliuliza swali moja tu: "Lugha waliisahau baada ya muda gani?" Aliuliza kwa Kiingereza. Mke wangu alimjibu kwa Kiswahili kwamba mama akiacha kusema, mtoto mmoja yatosha. Wale walikatazwa kwa amri ya mfalme. Hapa Birmingham hakuna mfalme aliyetukataza, nasi wenyewe tunajibiwa kwa Kiingereza mezani tukanyamaza. Kuanzia pale hadi Cordoba tulicheza mchezo wa maneno: azafrán ni zafarani, azúcar ni sukari, aceituna ni zaituni, na hasta ni ile hata yetu, maana asili yake ni hatta ya Kiarabu. Yule mdogo ndiye aliyegundua kwamba ojalá inatoka katika kumtaja Mwenyezi Mungu, kama inshallah. Gari zima lilipiga kelele.

Kutoka Granada hadi Cordoba kwa barabara ya N-432 ni kilomita kama 160, na kulia na kushoto ni mizeituni tupu. Msikiti wa Cordoba ulianza kujengwa na Abd ar-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, na una nguzo zaidi ya 800. Tangu mwaka 1236 ni kanisa, na Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani. Waambieni watoto jambo hili kabla, mkiwa chumbani, si mlangoni. Yule wetu wa miaka 8 alijua, na bado alipoufikia mihrabu mikono ilimpanda yenyewe. Niliishika nikaiteremsha polepole. Mlinzi alituona akageuza uso wake upande mwingine. Nami nilimshukuru kimoyomoyo. Tulisali Alasiri tulikofikia, na mtoto akaomba yeye ndiye aadhini.

SALA NA CHAKULA

Kwa wafuasi wa Imam Shafii, walio wengi katika pwani yetu, safari ya masafa haya inaruhusu kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Lakini anayenuia kukaa mahali pamoja siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya msafiri humwondokea. Ndugu zetu Maibadhi wana hesabu yao, nao wanaijua. Wekeni mswala na chupa ya maji ya udhu juu ya mizigo, si chini yake.

Kodini malazi yenye jiko. Samaki na mboga vinapatikana kila soko. Lakini kutoka Uingereza hairuhusiwi kuingiza nyama wala maziwa na vitokanavyo navyo, kwa hiyo sambusa za nyama zibaki nyumbani. Matunda mengi nayo yamekatazwa, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, durian na tende. Mke wangu alipoisoma orodha hiyo alisema kwamba aliyeiandika lazima ana jamaa Unguja.

KWA ASIYEWEZA MWAKA HUU

Nilisema nitamwonyesha safari iliyo karibu. Maji tunayotawadhia hapa Birmingham hutoka mabwawa ya Elan Valley, katika milima ya Wales, nayo hutiririka maili 73 hadi kwetu tangu mwaka 1904. Chukueni gari siku moja, pikeni, nendeni mkayaone yanakotoka. Hakuna pasipoti, hakuna viza, na usukani ni upande ule ule. Na kwa wanaojiandaa na Andalusi, safari hiyo ni jaribio zuri: mtajua ni mtoto gani anayetapika, nani hupotea njia, na nani hukasirika akipotea.

Mwisho, ndugu zangu, watu huniuliza tulileta nini. Tulirudi na chupa moja ya mafuta ya zaituni kwa jirani, na daftari la maneno la binti yangu. Oktoba hii inshallah tunakwenda kuiona Ronda. Safari hii mkataba ni kwa jina la mke wangu, kwa kadi yake na leseni yake, ambayo hivi sasa imo katika bahasha moja na pasipoti. Yeye ataendesha. Mimi nimeomba kukaa nyuma, katikati, na watoto wamekubali.

Mwenye swali aniachie mlangoni chuoni siku ya Jumapili. Na mwenye safari yake aiandike, tumpe nafasi hii mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.